Weka na kopa hapo juu

Kuna sentensi moja ambayo kila anayefanya dizaini hapa Dodoma ameshaisikia, na huwa inakuja mwisho kabisa, wakati logo imeisha, rangi zimekubaliwa, mteja ameshasema safi sana, alafu anainama kwenye skrini, anatazama kidogo, anasema, "Sasa hapo juu weka na kopa." Kopa, yaani lile umbo la moyo. Haulizi kama litafaa, anaagiza. Saluni wanataka kopa. Chekechea wanataka kopa, duka la dawa ndo usiseme, na jamaa mmoja wa kusambaza maji ya chupa upande wa Ihumwa alitaka kopa lenye tone la maji ndani na kwenye lile tone kuwe na kopa jingine dogo.

Mi nina ofisi Majengo, ofisi ni neno kubwa, ni chumba chenye printa na mashine ya kukatia stika na benchi la wateja. Tunafanya kadi, mabango, mihuri, fulana, stika za bajaji, logo pia. Kwahiyo haya ninayoandika siyo ya mtu aliyesoma sanaa nje, ni ya mtu anayelipwa kuchora makopa na ameshayachoka, ingawa yapo machache ninayoyapenda na nitayasema.

Kwanza tuelewane kopa limetoka wapi kichwani mwa mteja wangu. Halijatoka New York. Limetoka kwenye harusi. Kadi ya mchango isiyo na makopa mawili yaliyoshikana na herufi za maharusi katikati inaonekana kama barua ya mtendaji wa kata, watu wanaiweka kwenye droo wanasahau kuchanga. Limetoka kwenye kanga, maana kopa kwenye mji wa kanga ni la siku nyingi, mama zetu wamelivaa kabla hakuna simu. Limetoka kwenye karata, kopa, uru, shupaza, pau, majina yaliyokuja pwani na Wareno alafu yakapanda bara hadi kwenye vijiwe vya kahawa. Yaani mtu akisema weka kopa anataka furaha kidogo, anataka biashara yake isionekane kavu. Namwelewa kabisa. Tatizo ni kwamba jirani yake naye ameshaweka, na aliyeko ng'ambo ya barabara pia, shuka kutoka Jamatini mpaka sokoni ukiwa unaangalia mabango utaniambia.

Sasa kopa maarufu kuliko yote kwenye logo ni lile la I ♥ NY, yaani naipenda New York, na historia yake huwa nawasimulia wateja wenye muda. Miaka ya 1970 jiji la New York lilikuwa hoi, 1975 nusura lifilisike kabisa, wafanyakazi wanapunguzwa, uhalifu umepanda, watalii wanaogopa kwenda. Jimbo likaamua kufanya kampeni ya kuvuta wageni, matangazo wakapewa kampuni ya Wells Rich Greene, na kazi ya logo ikaenda kwa Milton Glaser, dizaina mzaliwa wa hukohuko New York. Glaser akapeleka wazo la kwanza, likapita, kazi imeisha, mtu mwingine angekula zake usingizi. Alafu mwaka 1976, yuko kwenye teksi, likamjia wazo jingine, akachukua krayoni nyekundu akachora kwenye kipande cha bahasha, I, kopa, N, Y. Akawapigia kuwaambia anataka kubadilisha, wakamwambia ishapitishwa bwana, akang'ang'ania mpaka wakatazama. Kampeni ikatoka 1977. Na kazi yenyewe aliifanya bure, kwa ajili ya mji wake, hela za leseni za vikombe na fulana zimekwenda kwa jimbo lenye alama hiyo. Kile kipande cha bahasha sasa hivi kiko makumbusho ya sanaa ya MoMA, hukohuko New York.

Ninachotaka mtu aone kwenye ile logo ni mahali kopa lilipokaa. Halijawekwa juu, halijazungushiwa maandishi, halijatupwa pembeni kama chumvi. Limekaa sehemu ya kitenzi. Litoe uone, inabaki Mimi New York, haina maana yoyote. Lile kopa linafanya kazi, ukilifukuza kazi inasimama. Makopa ninayoagizwa Majengo ukiyafukuza hakuna atakayejua kwamba kuna aliyeondoka. Na hata herufi alizochagua, ile fonti inaitwa American Typewriter, ya 1974, ina herufi za mashine ya kuchapa lakini zimenona na kuviringika miguuni, ndo maana kopa nene limekaa kati yao bila kuonekana mgeni. Vijana wengi wanaiga lile wazo alafu wanaandika kwa Arial nyembamba, kopa linavimba katikati linaonekana jipu.

Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 Glaser aliirudia, akaandika chini yake maneno ya kusema kwamba sasa anaupenda mji kuliko wakati wowote, na kwenye kopa akaweka doa jeusi pembeni, chini upande wa kushoto, kama mahali palipovilia damu. Gazeti la Daily News la hukohuko New York likaitoa. Doa dogo tu, lakini kila mtu wa kule alijua ni la nini. Mwaka 2023 ikaja nyingine ya We ♥ NYC, kopa limejazwa mng'ao kama emoji ya simu, na watu wa mjini wakaisema vibaya sana, wengine wakaanza kuikumbuka ya mzee. Yeye alishafariki, Juni 26, 2020, siku aliyotimiza miaka 91.

Afu kitu kinachonichekesha, nenda mnada wa Msalato uangalie vifua vya watu. Utaona fulana za I ♥ NY za mitumba zimevaliwa na wachunga mbuzi ambao New York haiwahusu hata kidogo, na karibu yao kijana amevaa ile yenye kopa jekundu lenye macho mawili. Hiyo ya macho ni ya Comme des Garçons, kampuni ya mavazi ya Japani, laini yao ya Play iliyoanza 2002, kopa lilichorwa na Filip Pagowski, na halisi yake inauzwa bei ambayo ukiitaja Msalato watakuuliza kama unajumlisha na mbuzi. Zinazozagaa kwetu ni feki, ndiyo, lakini tazama kinachokopiwa. Hakuna anayekopi kopa tupu. Wanakopi yale macho, maana ndo yaliyolifanya liwe la mtu mmoja. Kopa tupu halina mwenyewe.

Na kwa umbo, kopa lenyewe hata siyo moyo. Msalato hapohapo mwambie mchinjaji akuonyeshe moyo wa mbuzi, uone kama una mabawa mawili yaliyolingana na ncha chini. Wa binadamu uko karibu na ukubwa wa ngumi yake, umelala kushoto kidogo, una mishipa minene inayotoka juu, ukiuchora kama ulivyo hakuna mteja atakayelipa. Wachoraji wa Ulaya walihangaika nao karne nyingi, mwanzoni mwa miaka ya 1300 Giotto anamchora mwanamke anayetoa moyo wake kwa mkono kule Padova na unaonekana tunda zaidi kuliko kopa, na lile umbo la sasa, lenye mkunjo juu, lilikuja kukaa sawasawa kwenye karata za Wafaransa mwisho wa karne ya 15. Kuna na wanaolipeleka mbali zaidi, kwenye sarafu za Cyrene, Libya ya leo, zilizochorwa mbegu ya mmea wa silfiamu yenye umbo lilelile kabisa, ila hiyo ni mbegu ya dawa na kiungo, kwahiyo mi huwa naichukulia kama bahati tu ya maumbo kufanana.

Turudi dukani. Wenye maduka ya dawa wengi wanaanza kwa kuniomba msalaba mwekundu. Nawakatalia, siyo kwa ubishi, alama ile inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, ni ya huduma za kitabibu za majeshi vitani na ya Msalaba Mwekundu wenyewe, siyo ya kila anayeuza panadoli. Basi mteja anafikiri kidogo, anasema haya, weka kopa, na lile lina mstari wa mapigo ya moyo. Mnaujua huo mstari. Uko kwenye kila template, umelala, unaruka mara moja, unalala tena. Siku moja dada mmoja muuguzi alikuja kuchukua kadi zake za kitchen party, akaiona logo ya namna hiyo kwenye skrini akacheka mpaka akakaa chini. "Kaka, huyu mgonjwa wako amepiga mara moja tu, si tumkimbize hospitali ya Mkapa?" Akanieleza pale pale kwamba pigo la kweli lina kinundu kidogo kwanza, alafu mruko mkali, alafu kilima cha taratibu, na linajirudia, na kwamba mstari uliolala wodini hakuna anayeupenda. Tangu hapo mteja akitaka mstari namchorea wenye mapigo matatu yenye vinundu vyake vyote. Hakuna anayeona tofauti. Yule dada ataona.

Kundi jingine ni la hela. Hapa nitasema kwa kifupi maana nina wateja wa upande huo na kodi ya chumba inalipwa. Kampuni za mikopo midogo zinapenda kopa kuliko maharusi wenyewe, kopa na mikono miwili imelishika kwa upole, rangi nyekundu, chini maneno ya kujali. Alafu unasikia mama wa jirani amechukuliwa friji na kitanda kwa sababu ya wiki mbili za riba. Kopa juu, kukopa katikati, kausha damu mwisho. Mimi kazi hizo nafanya lakini makopa hapana, nawaambia fonti nzuri inatosha, na mpaka sasa hakuna aliyeniuliza sababu.

Wa tatu ni wa baada ya 2016, serikali ilipotangaza kuhamia huku kwa vitendo na kila mtu akawa dalali wa viwanja. Hao wanataka ramani ya Tanzania na kopa jekundu pale Dodoma, maana Dodoma ni moyo wa nchi, au kopa lenye paa la nyumba, au vyote viwili. Wazo la katikati ya nchi si baya, ndo moja ya sababu za kuuchagua mji huu tangu 1973, lakini ramani yenye kopa ukiiweka kwenye stika ya bajaji ni doa jekundu kwenye kitu kisichojulikana kama ni ramani au kiazi kilichomenywa vibaya. Ziwa Victoria lenyewe halionekani, sembuse viwanja vya Mkalama.

Makampuni makubwa nayo yanahangaika na hilihili tu. Southwest Airlines ya Marekani waliweka kopa tumboni kwa ndege zao 2014, na nikiliangalia silioni kama pambo, kwa sababu nyumbani kwao ni uwanja wa Love Field pale Dallas na hata alama yao kwenye soko la hisa ni LUV, kopa lilikuwemo kwenye stori kabla ya mchoraji. Unilever walikuwa na aiskrimu zenye majina tofauti kila nchi, Wall's Uingereza, Algida Italia, Langnese Ujerumani, Kibon Brazili, majina yaliyozoeleka ambayo kuyafuta ni kuwaudhi watu, basi 1998 wakayaacha yote yalivyo na kuyavisha kopa moja. Mtalii hajui Langnese ni nini lakini kopa analijua. Hiyo naiheshimu mno, kopa limefanya kazi ya jina. Airbnb, wale wa kupangisha vyumba mtandaoni, mwaka 2014 uleule walitoa alama yao inayochanganya kopa, herufi A na pini ya ramani, na siku ileile mtandao mzima ukaona vitu vingine kabisa ambavyo siwezi kuviandika hapa kwa sababu mama mkwe anasoma. Wameitumia hivyohivyo mpaka watu wakazoea, hela ya matangazo inafanya mengi.

Kilichoharibu kopa zaidi, naona mimi, ni vidole vyetu. Instagram kopa. Twitter nao Novemba 2015 wakaondoa nyota wakaweka kopa, kukawa na malalamiko, maana nyota ulikuwa unaweza kuibonyeza kwa kuhifadhi tu, lakini mtu ametangaza msiba wa baba yake unabonyezaje kopa? Tukabonyeza hivyohivyo. Sasa tunabonyeza kwa msiba, kwa ugali na mlenda, kwa bango la mkutano, kwa picha ya gari la mtu tusiyemjua. Kitu unachokitoa kutwa nzima bila kufikiri, ukikikuta juu ya bango la duka macho yanapita tu.

Na kuna mambo ya ufundi ambayo mteja hayaoni mpaka yamuumize. Biashara yoyote huku inahitaji muhuri, na muhuri ni wino wa bluu. Kopa lako jekundu limekuwa la bluu, dogo kuliko ukucha, na ule mkunjo wa juu umejaa wino, linabaki pembetatu iliyolewa. Ukilipeleka kwa fundi wa kutarizi aliweke kwenye sweta za chekechea, uzi unaziba mkunjo uleule. Kwenye picha ya WhatsApp, ambayo ni duara, ncha ya chini inakatwa. Na ukiliweka katikati ya duara kwa vipimo vya kompyuta litaonekana limepanda juu, kwa sababu uzito wake wote uko mabegani, lazima ulishushe kidogo kwa jicho, programu haitakuambia. Huwa natoa kopi nyeusi na nyeupe, naikunja, naipiga kopi tena, kama bado linaonekana kopa basi tunaendelea. Rangi nayo, nyekundu ya mtaani ina wenyewe, kuta za maduka zimeshapakwa na Vodacom, Airtel na Coca-Cola, kopa lako jekundu kwenye ukuta mwekundu litaonekana la kwao.

Ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara, nayapita haraka. Ukitaka alama yako iwe yako kisheria Bara unaisajili pale, miaka 7 ya kwanza, alafu unahuisha kwa miaka 10 kila mara, na Zanzibar ni usajili wake mwingine. Sasa kopa tupu jekundu nani atakupa peke yako? Na ukiwa umechukua mchoro wa tayari wa Canva, ile programu ya dizaini ya mtandaoni, masharti yao wenyewe hayaruhusu kukisajili kitu hicho kama alama ya biashara, kwa sababu kila mtu duniani anacho.

Nilisema yapo ninayoyapenda. Kuna mkulima wa zabibu wa Mpunguzi alitaka lebo, na yeye hakutaja kopa, ila shada la zabibu linavyoning'inia, pana juu, jembamba chini, lilikuwa kopa tayari, nikabonyeza kidogo tu pale juu chini ya kikonyo. Ukilitazama ni zabibu. Mtu wa pili ndo anakuambia, ee, kumbe.

Na kuna kikundi cha vikoba cha Nzuguni. Walikuja wanne, mwenyekiti wao mama mtu mzima, nikamwamkia, tukaanza vizuri, alafu kama kawaida, "Mwanangu, katikati utuwekee kopa." Nikaanza hotuba yangu. Akaniacha nimalize, akasema wao walianza kuchangishana kabla hawajawa hata na jina, mtoto wa mwenzao alipohitaji kupasuliwa moyo, na kile walichozoea kuchanga kila wiki hawakuacha mtoto alipopona. Nikanyamaza. Nikawachorea kopa lenye mstari mweupe wima katikati na vijistari vya kukatiza, mshono, kama ule alionao yule mtoto kifuani. Mmoja wao aliona linatisha, wakajadiliana pale kwenye benchi muda mrefu wakiwa wameniacha pembeni kabisa, wakapiga kura, likapita. Hata kwenye muhuri linasoma vizuri, ule mstari mweupe unalishika.

Sasa majuzi dalali mmoja, mzee wa heshima zake, alikuja na logo yake ya zamani, ramani, kopa, paa, ufunguo, na jua linachomoza nyuma. Tukavua kimojakimoja, huku namuuliza hiki kinafanya kazi gani, na yeye anajibu kwa uaminifu kwamba hajui. Mwisho likabaki jina lake kwa herufi nene za kijani na namba ya simu inayosomeka ukiwa ndani ya daladala inayotembea. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaitazama, akasema iko vizuri mwanangu, iko vizuri sana. Alafu akatoa pochi. "Ila umetoa ramani, umetoa kopa, umetoa na jua. Sasa bei mbona bado ni ileile?"

Tulibishana mpaka adhana ya alasiri, nikampunguzia elfu kumi.